Mkutano Mkuu Juu ya Fungu la Mchanga

Nyie mlioajiriwa juzi kuwa watendaji wa vijiji, karibuni kazini. Siku ya kwanza mtakabidhiwa muhuri, bendera na kabati lisilofungika. Lawama hazikabidhiwi, mtazikuta zimeshakaa kwenye benchi la nje zinawasubiri.

Mimi nimestaafu. Nina mikorosho yangu hapa Mtawanya, nina kuku, na nina magoti yanayonikumbusha kila boti niliyowahi kushuka kwa haraka. Kila nikipita ofisi ya kata vijana wananivuta niwasimulie kazi ilivyokuwa, na naona wanataka niseme ilikuwa ngumu. Kazi ngumu ni kubeba magogo ya mikoko begani. Ya kwetu ilikuwa kukaa kwenye vikao, na hakuna mwenye akili timamu atakayeita kukaa kazi ngumu mpaka akae kikao kimoja na Mzee Mbwana Kisoma. Huyo nitamfikia.

Nimetumikia Ruaruke, nimetumikia hapa nyumbani, lakini kazi niliisomea Delta, kule mto unapoingia baharini kwa mikono mingi, kwenye kijiji kimoja cha upande wa Kiongoroni. Jina lake silitaji kwa sababu wahusika wapo hai na wana simu. Mtu wa bara kama mie, niliyezaliwa kwenye mihogo, nilifika huko nikiwa najua serikali ya mtaa kama ilivyoandikwa: kuna kitongoji, kuna kijiji, kuna kata, kuna halmashauri, na mwenye kauli ya mwisho kijijini ni mkutano mkuu, yaani watu wazima wote wa kijiji wamekaa pamoja. Nilikuwa nimeikariri vizuri. Sikuwa nimejiuliza watu hao wanafikaje mahali wanapokaa pamoja.

Mtendaji aliyenikabidhi ofisi alikuwa Mzee Kindamba, mtu wa koti zito hata jua likiwa utosini. Alinionyesha kalenda ya ukutani, yenye picha ya trekta, akaniambia, "Binti yangu, hii ni ya kutazama trekta. Ukitaka watu, uliza mwezi."

Nikamwuliza mwezi gani, wa tatu au wa nne.

"Ule wa juu," akasema, akaenda kufunga mzigo wake.

Alikuwa na maana kwamba huko maji ndiyo yanayopanga ratiba. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji yanajaa sana na yakikupwa yanakupwa mpaka unaona matumbo ya bahari. Katikati hapo ni maji mafu, hayajai vizuri wala hayatoki vizuri, kama mtu anayesema anakuja. Vijito vingine mtumbwi unapita saa chache tu, kisha panabaki tope. Aliniambia pia nisiitishe mkutano wakati wa kuamia, mpunga unapoiva, maana kijiji chote huhamia mashambani kukaa kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miti, kufukuza ndege na nguruwe. Mie nikaona mzee anachoka. Nikaitisha mkutano wangu wa kwanza katikati ya kuamia, kwa tangazo lenye muhuri. Walikuja mwalimu mkuu, mgonjwa mmoja aliyeshindwa kwenda shamba, na bwana mmoja aliyekuja kuazima jembe ofisini. Nilifungua mkutano. Yule wa jembe aliunga mkono.

Baada ya hapo nikawa nauliza mwezi.

Sasa kijiji chenyewe kilikuwa na pande mbili. Upande wa Bandarini ulikuwa kwenye mkondo mkubwa, wenye maji wakati wote: huko kulikuwa na shule, msikiti wa Ijumaa, ofisi yangu na maduka yote mawili. Upande wa pili uliitwa kitongoji cha Ng'ambo. Kati yao palikuwa na kijito chenye mdomo mpana, ambacho maji yakijaa unavuka kabla hujamaliza stori moja, na yakikupwa kinabaki tope la kumeza mtu mpaka mapajani. Watu wa Ng'ambo walikuwa wanaishi kwa ruhusa ya tope hilo.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mzee Mbwana Kisoma, mtu wa Bandarini. Msimwone mbaya. Alikuwa mkarimu, mashine ya boti yake aliazimisha kijiji kizima, na msiba wa mtu yeyote alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Ila aliipenda Bandarini kama mtu anavyopenda mfuko wa shati lake mwenyewe, na alikuwa na ufundi mmoja ambao sijauona kwenye mafunzo yoyote niliyohudhuria.

Mikutano mikuu ilifanyika Bandarini, maji ya mchana yakijaa, ili Ng'ambo waweze kuvuka. Walikuja. Akidi ilitimia. Mzee Mbwana akafungua. Ikafuata dua, ndefu, kisha utambulisho, ambapo watu waliozaliwa pamoja walitambulishwa upya. Kisha muhtasari wa mkutano uliopita ulisomwa, ukarekebishwa, marekebisho yakasomwa. Akaomba maoni kuhusu usafi wa mazingira. Akayajibu moja moja, kwa mifano. Muda wote huo macho yake hayakuwa kwa wajumbe. Yalikuwa kwenye nguzo moja ya gati pale nje. Maji yakianza kushuka kwenye nguzo ile, watu wa Ng'ambo walianza kunong'onezana, kisha mmoja akainuka, kisha wote, wakachukua kafi zao, kwa sababu anayechelewa analala kwa jirani au analala topeni. Mtumbwi wa mwisho ukishaondoka, Mzee Mbwana akakohoa.

"Haya," alisema. "Sasa tuingie kwenye ajenda kuu."

Hakumfukuza mtu, hakughushi kitu. Akidi ilikuwapo mkutano ulipofunguliwa. Kwa njia hiyo kisima kilichimbwa Bandarini, madawati yakaenda Bandarini, na taa ya sola ya umma ikasimikwa Bandarini, mbele kidogo ya nyumba ya Mzee Mbwana. Mie nilikuwa katibu. Katibu hapigi kura, anaandika kilichoamuliwa na walioamua, na nilimwambia mwenyekiti wazi kwamba mchezo huu siupendi. Alinijibu kwa adabu kabisa, "Mtendaji, kwani mie ndiye ninayekupwa?"

Sasa sikilizeni jambo lenyewe.

Mwenyekiti wa kitongoji cha Ng'ambo alikuwa mwanamke, Bi Siwatu, mlimaji wa mpunga na mnunuzi wa kaa, mwenye sauti ya kuitia mtu aliye shamba la tatu. Alikuwa na binti mmoja, Rehema. Rehema alishikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza wakati maji yameshatoka. Walimpakia mtumbwini wamfikishe kwenye boti ya Bandarini, wakausukuma topeni, wakakwama katikati ya kijito. Hapakuwa na kurudi wala kwenda. Wakangoja maji. Mtoto hakungoja, na alipozaliwa hakulia. Maji yalipojaa waliwavusha wote wawili, mmoja kwenda kutibiwa na mmoja kwenda kuzikwa.

Bi Siwatu alikuja ofisini baada ya arobaini. Nikamkaribisha kiti, akakikataa.

"Mtendaji, mie pole za serikali nimeshazipokea, ahsanteni," akasema. "Sasa n'nataka muuguzi upande wangu. Sitaki boti, sitaki ahadi ya boti. Mtu mwenye dawa, alale Ng'ambo."

Niliumia, sitaki kuwaficha. Nilikuwa na watoto wangu wamelala vizuri Mtawanya, na kituo cha afya unakifikia kwa pikipiki. Nilimwambia nitasukuma kadiri ya kauli yangu, na kauli ya mtendaji mnaujua ukubwa wake.

Haukupita muda halmashauri ikatuma habari kwamba kijiji chetu kimo kwenye mpango wa kujengewa zahanati. Wanaoamua pa kuijenga ni wananchi wenyewe, kwenye mkutano mkuu. Wasipoamua kabla mwaka wa serikali haujafungwa, mgao unakwenda kijiji kingine kilicho tayari. Zahanati moja, pande mbili. Na Rehema alikuwa na mimba tena.

Mkutano wa kwanza wa zahanati ulifanyika Bandarini. Mzee Mbwana akawa na mengi ya kusema kuhusu usafi wa mazingira. Bi Siwatu akaona mchezo, akawainua watu wake mapema, na safari hii akadai waliobaki wahesabiwe; akidi haikutimia, ikawa hakuna uamuzi. Akadai mkutano wa pili ufanyike Ng'ambo. Sheria haisemi mkutano lazima uwe karibu na msikiti wa Ijumaa, nikakubali.

Bandarini wakavuka, Mzee Mbwana akiwa mbele na faili kwapani. Hapo ndipo nilipojua kwamba watu wa Ng'ambo miaka yote walikuwa wanajifunza. Mzee Mbwana alipotaka kuingia kwenye ajenda, mzee mmoja wa Ng'ambo aliinuka kumshukuru kwa kuvuka. Mwingine akamshukuru kwa uongozi wake. Wa tatu akamshukuru marehemu baba yake. Mwenyekiti gani atamkatiza mtu anayemshukuru marehemu baba yake? Alishukuriwa mpaka maji yakaanza kuondoka, na Bandarini, ambao hawakuzoea, walikimbilia mitumbwi wameshika viatu. Mzee Mbwana aliacha faili. Mikutano miwili, uamuzi hakuna, na mwaka wa serikali ukingoni.

Ni wakati huo tulipoletewa wageni.

Kijana wa halmashauri, jina lake Shaibu, alipiga simu kutoka Kibiti. Kulikuwa na watu kutoka nchi za mbali na za jirani, wote wa vijijini, wanazunguka kulinganisha namna kila nchi inavyopeleka madaraka kwa wananchi. Walitaka kuona mkutano mkuu wa kijiji ukifanya kazi.

Nikamwambia, "Mwanangu, wetu haufanyi kazi."

"Mama, usinifanyie hivyo," akasema Shaibu. "Ratiba imeshatoka. Wewe waite tu watu wakae, itakuwa freshi."

Wakaja kwa boti ya Nyamisati, wageni watatu na Shaibu, wote wamelowa. Bwana Byaruhanga alikuwa mwenyekiti wa kijiji huko Uganda, mzee wa kofia, Kiswahili chake cha kwao lakini chafika. Bi Lakshmi alikuwa mkuu wa baraza la kijiji India, mama mdogo wa umbo, akisema kupitia kwa Shaibu aliyeongea naye Kiingereza. Wa tatu alikuwa diwani kutoka Ghana, bwana mnene mwenye kicheko, ambaye boti ilimwondolea kicheko kwa siku nzima.

Tuliwapikia wali na kaa barazani kwa Mzee Mbwana, na wakaanza kulinganisha. Mimi nilidhani watalinganisha vitabu vyao vya sheria. Walilinganisha maudhi. Wa Ghana alisema kwao mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais kisha madiwani wanaombwa kumthibitisha, na siku ya kumthibitisha ndiyo siku pekee madiwani hupokewa simu. Nikasema kwetu mkuu wa wilaya anateuliwa na Rais na hatuombwi hata hicho. Nikaeleza kwamba mwenyekiti anachaguliwa na wananchi, mtendaji analetwa na halmashauri, kwa hiyo Mzee Mbwana hawezi kuniondoa na mimi siwezi kumnyamazisha. Mzee Mbwana akasema ni kweli, na ndiyo siri ya amani.

Bi Lakshmi alisema kwao sheria imetenga viti vya wakuu wa vijiji kwa wanawake. Alipochaguliwa mara ya kwanza, shada la maua alivalishwa mumewe. Na kwa muda mrefu mtu akipiga simu ya ofisi, anayepokea ni mume. Tulicheka. Bi Siwatu, aliyekuwa ameketi mkekani anavunja gando la kaa, hakucheka. Aliuliza, "Ikawaje?"

"Nilinunua simu yangu," akasema Bi Lakshmi.

Byaruhanga yeye alieleza kwamba kijijini kwao mwenyekiti huchaguliwa kwa watu kupanga mstari nyuma ya mgombea wanayemtaka, mchana kweupe. Hapahitajiki karatasi. Ubaya wake, alisema, ni kwamba aliyesimama mstari mwingine utakutana naye kisimani mpaka uchaguzi ujao.

Wakauliza mkutano wetu ni saa ngapi. Hapo maneno yakaanza. Mzee Mbwana akasema utafanyika Bandarini kama kawaida. Bi Siwatu akasema havuki mtu. Mzee Mbwana akasema Ng'ambo yeye harudi, faili lake halijaonekana mpaka leo. Shaibu alishika kichwa, akamaka, "Basi mkutane katikati, jamani!"

"Katikati ni majini," akasema Mzee Mbwana kwa upole.

Mie nilikuwa natazama mwezi wangu kichwani. "Kesho ni bamvua," nikasema. "Saa nne asubuhi, katikati ni mchanga."

Kwenye mdomo wa kile kijito kuna fungu la mchanga, kinamama huenda kuokota chaza pale maji ya bamvua yakikupwa. Ni kubwa, linabeba kijiji. Ila maji yakirudi linazama lote. Hakuna wa kubaki nyuma kuendesha ajenda kuu. Niliona Mzee Mbwana akilipima jambo hilo, akitafuta nguzo ya gati humo ndani, asiione.

"Fungu limo kijijini?" akauliza.

"Mpaka wetu ni ule mkondo mkubwa, Mwenyekiti. Limo."

Asubuhi yake mbiu ilipigwa pande zote mbili. Bandarini walikuja na mitumbwi, Ng'ambo walikuja wakiikokota yao mitupu kwenye tope ili warudi nayo maji yakijaa. Sijaona akidi kama ile katika utumishi wangu. Watu hawakuja kwa uraia mwema. Walikuja kuona serikali ikizama. Wazee walikaa juu ya mitumbwi iliyolazwa, wengine wote walisimama. Bwana wa Ghana alivua viatu, akakunja suruali, akasema angefurahi kuwaleta hapa wabunge wa kwao, hasa wale wa hotuba ndefu.

Sheikh alisoma dua fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia. Hajui kuogelea. Mzee Mbwana akaanza utambulisho wa wageni, akafika kwa Byaruhanga, na wimbi dogo likaja kumlamba kidole. Akalitazama. Akaniambia nisome muhtasari.

"Tulikutana mara mbili," nikasoma, "na mara mbili hatukuamua."

Ulithibitishwa bila marekebisho.

Mzee Mbwana alisema ya kwake, na ilikuwa hoja ya maana, msidhani alikuwa mjinga. Bandarini kuna watu wengi zaidi, kuna shule, na boti ya dawa inatia nanga wakati wowote. Kisha akasimama Bi Siwatu. Rehema alikuwa pembeni yake, tumbo limeshatangulia, macho chini kwenye mchanga.

"Nyie maji mnayo saa zote," Bi Siwatu alisema, na safari hii sauti hakuipandisha. "Mtu wenu akiugua mnampandisha boti, mnakwenda. Sie wetu akiugua tunamngojea maji. N'meshangoja mara moja. Sitaki kungoja tena."

Maji yalikuwa yameshafika kwenye vifundo. Nikataka tupige kura kwa mikono kama ilivyo desturi, haikuwezekana: mkono mmoja wa kila mtu umeshika viatu, wa pili umeshika kanga au kanzu isilowe. Byaruhanga akasema kwa kofia yake mkononi, "Wapange mistari, kama sisi. Mstari mmoja nyuma ya mwenyekiti, mwingine nyuma ya mama."

Nilizipekua kanuni kichwani, sikukuta panapokataza kupanga mistari. Mzee Mbwana alikubali kwa furaha, na nilijua kwa nini. Bandarini ni wengi, na mke humfuata mume. Watu wakaanza kusogea. Ndipo Bi Lakshmi akamgusa Shaibu begani, akasema neno.

"Anauliza," Shaibu akatafsiri, "wake wanasimama kabla ya waume zao, au baada?"

Hapakuwa na aliyewahi kuulizwa hivyo. Bi Lakshmi akaongeza, na Shaibu akafuatisha, "Anasema kwao walichelewa kulijua hili. Mwanamke akitangulia, anakwenda anakotaka mwenyewe."

Mzee Mbwana aliwatazama wageni, akawatazama watu. Angemkatalia mtu wa Ng'ambo, angenikatalia mimi. Mgeni aliyevuka bahari, amekula wali barazani kwake, hakuweza. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, akapungia mkono. "Kinamama watangulie."

Wa kwanza kutoka alikuwa mkewe mwenyewe, Bi Tatu, mkunga wa jadi, mikono yake imepokea nusu ya watu waliosimama pale. Alikunja kanga yake magotini, akatembea majini bila haraka, akapita mbele ya mumewe, akaenda kusimama nyuma ya Bi Siwatu.

Mzee Mbwana alidhani amekosea. "Mama Saidi," akaita taratibu, "mstari wetu huku."

"Nauona, baba Saidi." Hakugeuka. "Siku ile waliniita mie. Nikaenda na tope langu mpaka kwenye ule mtumbwi. Mtoto nilimshika mie. Weye hukuwapo."

Kijiji kizima kikasikia maji yanavyoingia. Halafu akatoka mwanamke mwingine wa Bandarini, akamfuata Bi Tatu, na mwingine, na mama wa duka akamwachia mumewe kikapu akaenda. Wanaume walipoambiwa ni zamu yao, wengine walikwenda kwa Mzee Mbwana kama walivyokusudia, na wengine walisimama kwanza wakawatafuta wake zao kwa macho, wakaenda kusimama nyuma yao. Sikuhitaji kuhesabu. Mstari mmoja ulikuwa umeshaingia kwenye kina, wa mwisho wake wamelowa viuno.

Anayetangaza ni mwenyekiti. Mzee Mbwana alinyoosha kanzu yake, ambayo haikuwa na pa kunyooshwa tena.

"Zahanati itajengwa Ng'ambo," akasema, kwa sauti ya kutosha kila mtu asikie. Kisha, kwa sababu utaratibu ni utaratibu, akaongeza, "Mengineyo?"

Hakuna aliyekuwa na lingine.

Baadaye Byaruhanga aliniuliza wakaandike nini kwao kuhusu Tanzania. Nilimwambia waandike wanachotaka. Kwa vile nyie ni wanangu nitawaambia nilichokiona mimi. Nchi zote zile zimeshusha madaraka mpaka chini, na kwenye karatasi yamefika. Huko chini kila moja inamkuta Mzee Mbwana wake, ambaye anaijua saa yenu ya kuondoka. Kwa hiyo ukifika kituoni, kabla hujasoma ajenda, chunguza nani hulazimika kuondoka mapema na kwa nini. Kwingine ni maji, kwingine ni basi la mwisho, kwingine ni mume anayengoja chakula. Halafu usiogope kuiba kwa jirani. Sisi tuliiba mstari wa Uganda na ujanja wa India wa kinamama kutangulia asubuhi moja, na hakuna aliyetudai virudishwe.

Ujenzi ulikwenda kama unavyokwenda Delta, yaani saruji ilisafiri zaidi kuliko mimi. Mzee Mbwana aliivusha kwa boti yake bila kuombwa, akilalamika mwanzo mpaka mwisho. Muuguzi aliripoti kabla jengo halijaezekwa, binti mwembamba kutoka bara, anaogopa mamba. Bi Siwatu akampa chumba kwake, na sanduku la dawa likawekwa juu ya pipa la mpunga.

Siku moja nilikuwa Ng'ambo kukagua mabati. Rehema alishikwa na uchungu asubuhi. Aliingizwa chumbani kwa muuguzi, na Bi Tatu alikuwa ameshalala huko tangu juzi yake kwa kisingizio cha kusalimia. Bi Siwatu alikaa kizingitini, amejishika miguu. Mie nilikaa juu ya mabati yangu. Nilisahau kuyahesabu. Ulipita muda, sijui mrefu kiasi gani, mimi niliuona mrefu kuliko kikao chochote.

Kisha mtoto akalia. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyecheleweshwa, akanyamaza, akalia tena. Bi Siwatu aliinamisha kichwa magotini, mabega yakamtikisika, na mie nikalia pale pale juu ya mabati ya serikali. Nje maji yalikuwa yamekupwa, kijito kizima tope tupu, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyegeuka kukitazama.